LAPTOPU YANGU ILIKUWA NA NJAA, MIMI NIKADHANI IMEZEEKA

Mpenzi msomaji, wale mliozoea kukutana nami hapa kwa visa vya mawifi na mashemeji, leo naomba mnisamehe. Wiki hii nazungumzia laptopu. Najua kuna mtu hapo keshalamba kidole afunue ukurasa wa pili aende zake kwenye nyota. Subiri kwanza! Kisa chenyewe kilibakiza siku moja tu kimpotezee mama yangu mzazi friji yake, na mwenye kosa ni mimi mwenyewe, si shetani wala jirani.

Ilikuwa Novemba 2025, Alhamisi usiku. Wenzangu tunaolipwa kwa makala wanajua Alhamisi ni siku gani. Usipopeleka kazi Ijumaa asubuhi, wiki hiyo huna chako. Nilikuwa nimekaa tangu saa mbili usiku, naandika kisa cha bibi mmoja aliyemfumania mumewe kwenye sherehe ya ubarikio, nimefika mahali patamu kabisa, mara laptopu ikaganda. Kishale hakisogei. Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile, wapi! Taa yake ndogo ya pembeni inawaka na kuzimika kama inanikonyeza. Nikaisubiri nusu saa nzima, nikachoka, nikakibana kitufe cha kuwashia mpaka ikazima.

Nilipoiwasha tena, makala imebaki aya mbili. Aya mbili, jamani! Jasho jembamba likanitoka. Nikaandika upya kwa kalamu, alfajiri nikaichapa kwenye simu kwa kidole gumba, mhariri akaipata saa nne badala ya saa mbili. Maneno aliyoniambia siwezi kuyachapa humu, watoto nao wanasoma.

Sasa nikupe historia ya mashine yenyewe. Niliinunua mtumba Kariakoo mwaka 2019 kwa shilingi 280,000. Imetengenezwa mwaka 2010, nyeusi, nzito, ukiibeba kwenye daladala ya kusimama mpaka Posta bega moja linashuka. Lakini sitaki kuisema vibaya, maana ndiyo iliyonilea. Tangu nimalize kidato cha nne hakuna ofisi iliyowahi kuniita, ila mashine hii imenilisha: makala za gazeti, barua za kuomba kazi za vijana wa mtaani kwetu Temeke, kadi za mchango wa harusi, mpaka risala za mahafali. Tatizo ni kwamba kwa miaka miwili ilikuwa mateso matupu. Asubuhi naiwasha, naenda kuoga, nakunywa chai, nafunga kamba za viatu, nikirudi ndiyo kwanza inazungusha kale kaduara. Ukifungua intaneti na ukurasa wa kuandikia kwa wakati mmoja, ni sawa na kumpandisha bibi kizee ghorofa ya nane amebeba ndoo mbili za maji.

Basi Ijumaa ile nikatoa hukumu: imezeeka, inunuliwe nyingine. Nikapita dukani kuulizia, nikaambiwa ya mtumba iliyo nzuri kidogo ni shilingi 550,000. Mfukoni nilikuwa na 70,000. Ndipo akili yangu ikakimbilia kule inakokimbilia akili ya kila kijana wa mjini aliyebanwa. Kausha damu!

Kama hujawahi kuukopa mkopo huo, mshukuru Mungu wako. Kausha damu ni hii mikopo ya mtaani inayotolewa haraka bila maswali mengi, kisha unairejesha kila siku iendayo kwa Mungu, iwe umeuza au hukuuza. Mama mmoja wa mtaa wa pili akaniambia atanipa 500,000. Nitarejesha 20,000 kila siku kwa siku 35. Piga hesabu mwenyewe, inakuwa 700,000. Mimi sikupiga. Nilichosikia ni "laki tano", masikio yakazibia hapo hapo. Akasema anataka dhamana ya kitu kinachoonekana. Akanitajia friji.

Friji ile si yangu. Ni ya bi mkubwa. Ndani yake mnalala maji ya kandoro, juisi ya ubuyu na barafu za watoto wa shule, na humo ndimo ilimotoka ada yangu mimi na ndimo inamotoka ya mdogo wangu wa kike aliyeko kidato cha tatu. Jirani yetu mmoja alishachukuliwa sofa na televisheni kwa mkopo wa namna hiyo hiyo, tena mchana kweupe, watu wamesimama barabarani wanatazama kama wanaona ngoma. Nililiona kwa macho yangu. Na bado nikaenda kumwomba mama.

Nilimkuta anafunga barafu kwenye mifuko. Nikamweleza yote. Hakugomba. Hakuuliza hata riba ni kiasi gani. Akafunga mifuko mingine kama minne hivi, kisha akasema, "Kama ndiyo kazi yako, baba, mimi nitasemaje?" Msomaji wangu, bora angenigombeza. Tukapatana mama wa mkopo aje Jumatatu asubuhi, aione friji, tuandikishane.

Jumamosi nikaibeba laptopu yangu kwenda kuiuza Kariakoo ili nipate cha kujazia. Duka la kwanza wakaniambia 40,000, la spea. La pili wakasema 60,000 lakini chaji niiache. Hapo pembeni, kwenye kimeza kidogo kilichojaa skrubu na mabaki ya simu, kulikuwa na dada mmoja fundi, makamo ya miaka thelathini, miwani imeshuka puani. Akaniuliza bila hata kuniangalia, "Kaka, inaumwa nini?"

"Haiumwi, dada. Imezeeka."

"Ramu ngapi?"

Nikajibu kwa kujiamini, "GB 320."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Hiyo ni diski, kaka yangu. Nimekuuliza ramu. Memori."

Nikaona hapa nisidharaulike. Nikachomoa kadi ya memori kwenye simu yangu, nikamwambia hii hapa, GB 32, kama inaisaidia amwekee. Kha! Safari hii alicheka na jirani yake muuza chaja. Leo naandika kwa sababu najua si mimi peke yangu niliye na ujinga huu, ila wenzangu hamjapata mtu wa kuwacheka.

Akaiwasha. Tukasubiri wee, kisha akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, Ctrl, Shift na Esc, kikafunguka kidirisha. Akaingia sehemu inayoonyesha utendaji wa mashine, akaniambia soma mwenyewe. Memori GB 2, na asilimia 94 imeshatumika hata kabla sijafungua kitu chochote cha maana. Chini yake imeandikwa kwamba nafasi za kuchomekea ziko mbili na iliyotumika ni moja. Yaani kwa miaka sita nimekaa na chumba kitupu ndani ya nyumba yangu mwenyewe bila kujua!

Alivyonieleza nikaelewa papo hapo, na nitakueleza hivyo hivyo. Mfikirie mama ntilie. Ana stoo nyuma, imejaa magunia, na ana meza ya kukatia vitu. Stoo ndiyo diski, ile GB 320. Vitu vinalala humo hata umeme ukikatika. Meza ndiyo ramu. Kila unachokifanya kwa wakati huo lazima kiwe mezani, na ukizima mashine meza inafutwa inabaki nyeupe. Ndiyo maana makala yangu ambayo sikuwa nimeihifadhi ilipotea. Ilikuwa mezani, haijaingia stoo. Sasa meza ikiwa ndogo kama stuli, mama akitaka kukata nyanya lazima arudishe vitunguu stoo, akitaka vitunguu arudishe nyanya. Siku nzima yuko njiani, na wateja wananuna. Mashine nayo inafanya hivyo hivyo. Ramu ikijaa inahamishia vitu kwenye diski kisha inavirudisha tena, na diski ya kuzunguka kama yangu ni nzito kuliko ramu mara elfu nyingi. Ile taa iliyokuwa inanikonyeza Alhamisi usiku, kumbe ilikuwa mguu wa mama ntilie, nenda rudi, nenda rudi.

"Hii haijazeeka," dada akasema. "Ina njaa. Mashine ya 2010 unaiendeshea intaneti ya 2025 kwa GB 2, unategemea nini?"

Akaniambia mashine yangu inapokea mpaka GB 8, yaani GB 4 kila nafasi. Yeye hakuwa nazo siku ile. Akaniandikia kwenye kipande cha boksi: DDR3, GB 4, ya laptopu, 1.5 V. Akanisisitiza nisipotee. Nami nikapotea.

Mita hamsini tu kutoka pale nikakutana na kijana mwenye trei shingoni, ramu zimepangwa kama karanga. Wengine walikuwa wanataka 30,000, yeye 15,000. Nikamwonyesha kile kiboksi, akaniapia kwa mama yake kwamba zote ni moja, zinatofautiana rangi tu. Nikalipa mbio mbio nisije nikamwahi mwingine. Kurudi kwa dada, akaishika, akaigeuza mara moja, akaniuliza, "Umenunua ya nini hii?"

Basi nikapewa darasa la pili, na hili nalo lisome vizuri kwa sababu litakuokolea hela. Ramu zina vizazi. DDR2 viwango vyake vilitolewa mwaka 2003, DDR3 mwaka 2007, DDR4 ikaja kutumika kwenye mashine mwaka 2014, na viwango vya DDR5 vikatangazwa mwaka 2020. Hakuna kizazi kinachoingia kwenye nafasi ya kingine. Ukitazama ukingo wenye meno ya rangi ya dhahabu utaona kipengee kidogo kimekatwa, na kila kizazi kipengee chake kimekaa mahali pake, makusudi ili mtu asilazimishe. Meno yenyewe hayalingani. Ya laptopu, DDR2 ina 200, DDR3 ina 204, DDR4 ina 260 na DDR5 ina 262. Tena ya laptopu ni fupi, urefu kama sentimita 6.8. Ile ndefu karibu mara mbili yake ni ya kompyuta ya mezani, usiuziwe.

Huna haja ya kuhesabu meno sokoni ukaonekana kichaa. Soma karatasi iliyobandikwa juu yake. PC2 ni DDR2, PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4. Yangu niliyouziwa ilikuwa imeandikwa PC2-6400. Ya kwenye laptopu yangu ilitakiwa ianze na PC3. Ukiona PC3L, hiyo L maana yake inatumia umeme mdogo, volti 1.35 badala ya 1.5. Nyingi za L zinakubali kufanya kazi hata kwenye mashine ya volti 1.5, ila mashine iliyotengenezewa L tupu usiipe ile ya kawaida.

Nikarudi mbio kumtafuta mwenye trei. Nani? Alishakula kona zamani. Elfu kumi na tano yangu ikawa ada ya shule. Nikanunua ya haki kwa 30,000 kwenye duka lenye mlango, imeandikwa PC3-10600, na muuzaji akakubali kuniandikia risiti kwamba isipokubali nairudisha Jumatatu. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza: ramu ya mtumba isiyo na mahali pa kuirudisha ni bahati nasibu.

Dada alikuwa na foleni mpaka Jumatatu, na Jumatatu mimi nina mgeni. Akanitazama usoni akaona nimetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango, akasema, "Mdogo wangu, hii hata wewe unaweza. Ni skrubu tatu." Akanielekeza, nikaandika hatua moja moja, nikanunua bisibisi ndogo ya 3,000, nikarudi Temeke.

Usiku ule nikafuta meza ya chakula, nikatandika khanga kisha nikaitoa, kwa sababu aliniambia nguo huwa inabeba ule umeme unaoruka ukivua sweta, na umeme huo mdogo usioumiza hata kidole unaweza kuiua ramu. Nikazima mashine kabisa, si kuilaza. Nikachomoa chaji. Nikatoa betri. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe. Nikashika bomba la maji la chuma pale dirishani ili mwili wangu nao utue. Mama amesimama mlangoni na mtandio begani, hasemi neno. Yeye alijua naifungua ili nikaiuze vipande vipande.

Nikafungua kile kifuniko cha chini. Vumbi la miaka kumi na tano likanipiga puani. Na kweli, nafasi ile hapo, tupu, haijawahi kukaliwa tangu mashine itoke kiwandani. Ile ramu ya zamani ilikuwa imejificha upande wa pili, chini ya kibodi. Nikapuliza vumbi taratibu, nikashika ramu kwa ubavuni bila kugusa meno, nikalenganisha kipengee, nikaiingiza kwa mshazari, nikailaza. Nikarudisha kifuniko, betri, nikawasha.

Kioo cheusi! Kisha mashine ikaanza kulia. Tii... tii... tii...

Msomaji wangu, moyo ulihamia tumboni. Nikajua basi, nimeiua. Sasa sina laptopu ya zamani wala mpya, 45,000 imekwenda, na Jumatatu friji inaondoka kwa lazima, si kwa hiari tena. Mama akasogea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Imekufa?" Sikumjibu.

Nikamtumia dada ujumbe. Akajibu neno moja: "Sindilia." Nikazima, nikatoa betri, nikafungua tena. Kumbe woga wangu wote ulikuwa kwenye vidole, sikuisukuma mpaka mwisho, meno ya dhahabu yalikuwa bado yanachungulia. Nikafuta meno kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, nikaisukuma kwa nguvu ya kiume kidogo, nikailaza chini mpaka vile vishikizo viwili vya pembeni vikalia "ka!" Ukisikia hiyo "ka" ndipo ujue imekaa. Usipoisikia hujafanya kitu.

Nikawasha. Ikawaka. Nikaenda kwenye maelezo ya mashine nikakuta GB 6. Niliruka! Nikamshika mama mkono tukazunguka meza. Halafu nikasoma vizuri. Mbele yake, kwenye mabano, imeandikwa zinazoweza kutumika ni GB 2.9 na ushee. Furaha ikakatika kama umeme wa mgao. Nimeweka chakula mezani lakini mashine inakula nusu sahani!

Hili la tatu ndilo linalowaponza wengi, na mafundi wa njiani hawalisemi. Aliyeniuzia mwaka 2019 aliiwekea Windows 10 ya biti 32, kwa kuwa ramu ilikuwa ndogo. Programu endeshi ya namna hiyo ni kama karani wa serikali ya mtaa ambaye daftari lake lina namba za nyumba 4,294,967,296 tu, yaani GB 4, na baadhi ya namba hizo keshawapa vifaa vingine vya ndani ya mashine. Nyumba ukiijenga nje ya daftari, kwake haipo. Ukiweka zaidi ya GB 4 lazima uwe na programu ya biti 64, na kichwa cha mashine yenyewe kiwe cha biti 64. Changu kilikuwa hivyo. Ni daftari tu lililokuwa fupi.

Jumapili saa tatu asubuhi nilikuwa tayari mezani kwa dada. Nikahamishia kazi zangu zote kwenye flashi, na hili usilisahau hata ukiwa na haraka ya kwenda kuoa. Tukajadiliana. Windows 10 yenyewe ilikuwa imekwishaachwa na wenyewe, huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haipokei rasmi mashine ya 2010. Akaniwekea Linux Mint ya biti 64, ambayo ni ya bure kihalali, pamoja na LibreOffice ya kuandikia inayofungua na mafaili yangu ya zamani. Alichaji 15,000 kwa kazi yake na muda wake. Siku mbili za kwanza nilitafuta vitu kama mgeni anayetafuta chumvi jikoni kwa watu, baadaye nikazoea.

Tukafungua lile dirisha la kupimia. GB 6 zote zinaonekana. Nikafungua intaneti, kurasa tano. Nikafungua makala. Nikawasha na muziki, kwa makusudi, kuichokoza. Imetumia GB 2 na nusu hivi, zilizobaki zimekaa zinanisubiri. Kishale kinakimbia kama mtoto aliyetumwa soda. Ile taa ya pembeni imetulia.

Nisikudanganye lakini. Haikuwa laptopu mpya. Kuwaka bado inachukua muda, si ule wa kuoga, ila wa kukunja shuka upo, kwa sababu diski ni ile ile ya kuzunguka. Dada kaniambia nikipata hela nyingine nibadilishe diski niweke ile ya kisasa isiyozunguka, hapo ndipo nitaona maajabu. Betri nayo ni mgonjwa wake peke yake, ramu haimtibu. Na kuna laptopu nyingine ukizifungua hukuti nafasi yoyote, ramu imechomelewa kwenye ubao wenyewe, hasa hizi nyembamba za siku za karibuni. Zile MacBook Air, kwa mfano, zilikuwa hivyo tangu ya kwanza ya mwaka 2008. Kwa hiyo ukinunua nyembamba, nunua yenye ramu ya kutosha tangu dukani, maana njaa yake haina dawa.

Hesabu yangu yote: ramu ya uongo 15,000, ya kweli 30,000, bisibisi 3,000, dada 15,000. Jumla 63,000, pamoja na ujinga wangu.

Jumatatu saa mbili mama wa mkopo akafika na daftari lake na kijana mmoja mwenye mikono mirefu. Friji ikunguruma pale kona. Nikamwambia, "Anti, nashukuru sana kwa kuja, ila shida yangu imeisha." Akaniangalia kama mtu aliyerudishiwa mahari. Akasema, "Haya. Utanitafuta mwenyewe." Labda ni kweli, mjini hapa huwezi kuapa. Bi mkubwa akampa glasi ya ubuyu wa baridi, akanywa, akaondoka.

Alipotoka, mama akafungua friji, akapanga mifuko ya barafu ambayo tayari ilikuwa imepangwa. Ndipo akaniambia kwamba usiku wa Ijumaa hakulala. Alikuwa anaisikiliza inavyounguruma, anahesabu ni mangapi amepitia nayo tangu baba afariki. "Kumbe mashine yako ilikuwa na njaa tu," akasema. "Ungeniuliza hata mimi. Kitu hakizeeki siku moja."

Hapo sikuwa na la kujibu. Nilikuwa radhi kuitia rehani friji iliyonisomesha kabla sijatumia dakika tano kuiuliza laptopu yangu inataka nini. Wazee walishasema usiache mbachao kwa msala upitao, mimi nikataka niuache na mbachao wa mama pia.

Kwa hiyo wewe uliye na mashine inayokufanya utukane asubuhi, kabla hujaenda kwa yeyote mwenye daftari, bonyeza vile vitufe vitatu. Tazama memori imejaa kiasi gani, nafasi ziko ngapi, biti ni ngapi. Ukikuta imejaa na nafasi ipo, hela ya mlo wa wiki mbili inaweza kukutosha. Ukikuta haina nafasi, sawa, angalau umejua unakopa kwa ajili ya nini.

Makala hii nimeiandika kwenye laptopu ile ile, Alhamisi, na saa nne usiku nimekwisha maliza. Nimehifadhi kila baada ya aya. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tunarudi kwa yule bibi wa kwenye ubarikio, maana najua mnataka kujua alimfanya nini mumewe. Kwaherini!